Maksai wa Novemba huandaliwa kuanzia Juni

IFIKAPO mwishoni mwa Oktoba, mkulima wa Kabungu mkoani Katavi huanza kutazama mawingu. Joto limepanda, vumbi limejaa barabarani na mashamba yamekwisha kusafishwa. Plau hutolewa lilikolazwa tangu msimu uliopita na kupelekwa kwa fundi. Minyororo hukaguliwa, nira hutengenezwa, mbegu na mbolea huulizwa bei dukani. Wa mwisho katika orodha hiyo ni maksai wenyewe, ambao ndio injini ya kazi yote.

Mvua ya kwanza ya maana inaponyesha, maksai hao hufungwa nira wakiwa na mbavu za kuhesabika, nundu iliyolegea na manyoya yaliyosimama. Wanalima mistari michache, kisha mmoja analala chini. Fimbo haisaidii. Mwenye nao anawafungua na kusubiri kesho, huku jirani yake akiwa tayari anafukia mbegu.

Wengi huieleza hali hii kuwa ni bahati mbaya iliyoletwa na kiangazi. Ukweli ni kwamba ni matokeo ya uamuzi uliocheleweshwa kwa miezi mitano. Maksai wa kulimia Novemba huandaliwa kuanzia Juni, wakati mahindi yanavunwa, mabua yapo shambani na fedha ipo mfukoni. Anayesubiri hadi Oktoba hulipa zaidi na kupata kidogo.

Siku za kupanda hazirudi

Katavi ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza kwa kawaida Novemba na kuishia Aprili. Mkulima wa Kilimanjaro au Kagera aliyekosea katika mvua za vuli anaweza kujaribu tena katika masika. Mkulima wa Kabungu hana nafasi hiyo. Shamba lisilolimwa kwa wakati hungojea mwaka mzima.

Tafiti zilizofanyika kusini mwa Afrika, zikiwamo za nchi jirani ya Zambia yenye msimu unaofanana na huu, zimekadiria kuwa mahindi hupoteza kati ya asilimia 1 na 2 ya mavuno kwa kila siku ya kuchelewa kupanda baada ya mvua kuanza. Sababu zake zinaeleweka. Rutuba inayoachiliwa na udongo katika mvua za kwanza huoshwa kabla mizizi haijaifikia, magugu hupata nafasi ya kutangulia, na mahindi huchanua wakati mvua zinapoelekea kukatika.

Aidha, tangu msimu wa 2022/2023 Serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea, na wakulima wengi wamejiandikisha ili kunufaika nayo. Ni jambo jema. Lakini mfuko wa mbolea uliowekwa kwenye mahindi yaliyopandwa kwa kuchelewa hauleti faida ileile. Mkulima anaweza kupata mbegu bora na mbolea ya bei nafuu, kisha akapoteza sehemu ya faida hiyo kwa sababu ya ng'ombe wawili waliokonda.

Farasi wa Ulaya na maksai wa Katavi

Swali la lini mnyama wa kazi aandaliwe kwa msimu mpya si la Katavi peke yake. Katika nchi za baridi za Ulaya, farasi huanza kuota manyoya marefu kuanzia Septemba, mchana unapopungua. Manyoya hayo ni kinga yake dhidi ya baridi. Lakini farasi anayefanyishwa kazi nzito akiwa nayo hutoka jasho jingi, hulowa na huchelewa kukauka, na hali hiyo humdhoofisha. Kwa hiyo mwenye farasi hulazimika kuamua lini amnyoe, na akishamnyoa lazima amfunike blanketi.

Akinyoa mapema mno, manyoya huota tena na kazi hurudiwa. Akichelewa, farasi huwa amekwisha kupoteza mwili kwa jasho. Wafugaji wenye uzoefu hawaangalii kalenda peke yake, wala hawafuati jirani kafanya nini. Huangalia kazi inayomngoja mnyama na hali ya mwili wake. Farasi asiyefanya kazi huachiwa manyoya yake. Anayefanya kazi hunyolewa kwa kiasi cha kazi hiyo.

Kabungu haina farasi. Ndorobo wa misitu ya miombo hawamruhusu farasi kuishi kwa amani, na hii ni moja ya sababu zilizofanya misafara ya karne ya 19 kutoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika itegemee vichwa na mabega ya wapagazi. Hata hivyo, kanuni ni ileile. Mnyama wa kazi huandaliwa kwa kuangalia kazi iliyo mbele yake, na maandalizi huanza kabla kazi haijafika. Tofauti ni kwamba adui wa farasi ni baridi, na adui wa maksai wa Katavi ni kiangazi.

Kiangazi hula mwili kidogo kidogo

Kuanzia Mei, majani ya malisho hukomaa na kukauka. Kufikia Agosti yamebaki mabua magumu yasiyo na protini ya kutosha, na mengi huteketezwa na moto wa porini. Ng'ombe anaweza kujaza tumbo na bado akakonda, kwa kuwa anachokula hakimpi nguvu. Maji nayo huwa mbali, na mwendo wa kuyafuata hula sehemu ya nguvu kidogo iliyopo.

Katika kipindi hichohicho maksai wengi hawapumziki. Ndio wanaovuta matela ya mahindi kutoka mashambani, kuni, matofali na mapipa ya maji. Wafanyabiashara wa nafaka huwakodi kufikisha magunia barabarani ambako lori linaweza kufika. Ni kipato halali na kinachohitajika. Lakini kila safari ya Agosti inalipwa kwa mwili ambao mnyama atauhitaji Novemba. Mwenye maksai anayekubali kila mzigo wa kiangazi anakula mtaji wake akidhani anakula faida.

Kosa jingine ni imani kwamba mvua zikishuka majani yataota na ng'ombe watanenepa wenyewe. Ni kweli watanenepa, lakini lini? Majani huhitaji wiki kadhaa baada ya mvua za kwanza ili yafikie kiwango cha kulisha ng'ombe, na yale machanga yamejaa maji. Mwili unarudi wakati kazi kubwa ya kulima imekwisha. Maksai mnene wa Februari hana msaada kwa shamba lililotakiwa kupandwa Novemba.

Kumsoma mnyama

Mkulima hahitaji mizani ili kujua hali ya maksai wake. Ng'ombe wa asili hujieleza. Nundu iliyosimama imara ina akiba ya mafuta, na iliyolegea au kulala upande inaonyesha akiba inakwisha. Mbavu mbili tatu za nyuma zikionekana, mnyama bado anafaa. Zikionekana zote, pamoja na mifupa ya nyonga na uti wa mgongo, hafai kuvuta plau hadi ajengwe upya.

Manyoya nayo yasomwe. Ng'ombe mwenye afya ana manyoya yaliyolala na kung'aa. Yakisimama na kufifia, mara nyingi kuna minyoo, ndorobo au njaa, na pengine vyote vitatu. Utando wa ndani ya kope ukiwa mweupe badala ya kuwa mwekundu, damu imepungua. Tezi zilizo mbele ya bega zikiwa zimevimba, kuna ugonjwa unaohitaji afisa mifugo.

Ukaguzi huu ufanyike kila mwezi kuanzia mavuno, na mwenye maksai asingoje mwezi wa mwisho. Anayemwona mnyama kila siku ndiye wa mwisho kugundua kwamba amekonda, hivyo ni vyema kumwomba jirani amtazame.

Kalenda ya maandalizi

Mei na Juni, mvua zikishakatika, ni wakati wa kutoa dawa ya minyoo ili mnyama asiingie kiangazi akiwa analisha wadudu tumboni. Ni wakati pia wa kukusanya mabua ya mahindi na majani ya karanga. Hapa ndipo wengi hukosea. Kwa mazoea ya maeneo mengi, mahindi yakishatolewa shamba huwa huria na mifugo ya kila mtu huingia. Ndani ya muda mfupi mabua yamekwisha, na mengi yamekanyagwa tu. Anayetaka kuyatumia Septemba lazima ayakate na kuyapandisha kwenye kichanja, mbali na mchwa, moto na ng'ombe wa jirani, mara tu baada ya kuvuna.

Julai na Agosti ni wakati wa kuamua nani abaki. Maksai mzee au mwenye kilema cha mguu auzwe mnadani angali na mwili, kwa kuwa kufikia Oktoba atakuwa amepoteza kilo na bei. Ndiyo miezi ya kufundisha dume wapya wa miaka miwili hadi mitatu, kwa mzigo mwepesi na kwa subira. Matela yavutwe asubuhi, na mnyama apewe siku za kupumzika.

Kuanzia katikati ya Agosti chakula cha ziada kianze. Mabua yakatwe vipande vifupi na kunyunyiziwa maji yenye chumvi ili yaliwe bila kubaguliwa. Kuanzia Septemba kiongezwe mashudu ya alizeti au ya pamba, takriban kilo 1 kwa maksai kwa siku, pamoja na pumba. Mashudu ndiyo yanayoleta protini iliyokosekana, na protini hiyo ndiyo inayomwezesha ng'ombe kunufaika na mabua makavu.

Oktoba ni ya dawa ya minyoo ya mara ya pili, kuogesha dhidi ya kupe na kinga ya ndorobo. Wiki mbili au tatu za mwisho maksai wafungwe nira kwa kazi nyepesi ya muda mfupi ili ngozi ya shingo ikomae na pumzi irudi. Maksai aliyekaa bila kazi kisha akavutishwa plau siku nzima hupata vidonda ndani ya siku chache, na kidonda cha shingo ni likizo ya lazima.

Ndorobo hawasubiri

Katika mkoa uliozungukwa na misitu, na wenye Hifadhi ya Taifa ya Katavi, nagana inayoenezwa na ndorobo haiwezi kuachwa nje ya hesabu. Kisiwa cha Unguja kilifanikiwa kuwatokomeza ndorobo katika miaka ya 1990 kwa kuachia madume waliohasiwa kwa mionzi, lakini kisiwa kimezungukwa na bahari. Katavi imezungukwa na miombo inayoendelea hadi mikoa mingine, na ndorobo wakiondolewa hapa hurudi kutoka kule. Kwa sasa mkulima anapaswa kupanga kazi yake akijua kuwa wapo.

Maksai waliopelekwa malisho ya mbali wakati wa kiangazi hurudi Oktoba wakiwa wamebeba vimelea. Wakipumzika wanaweza kuonekana wazima. Ugonjwa hujitokeza wanapofungwa nira, kwa kuwa uchovu wa kazi hupunguza nguvu ya mwili ya kujikinga. Mwenye nao husema wamechoka, kumbe wanaumwa.

Dawa zinazotumika zaidi ni mbili, na kazi zake hazifanani. Diminazini, inayojulikana na wengi kwa jina la Berenil, huponya mnyama aliyekwisha kuambukizwa na haimlindi kwa muda mrefu. Isometamidiamu, inayojulikana kama Samorin, humkinga kwa miezi miwili hadi minne kutegemea wingi wa ndorobo. Utaratibu unaopendekezwa ni kutibu kwanza, kisha kukinga baada ya wiki kadhaa, kwa maelekezo ya afisa mifugo na kwa kipimo kinacholingana na uzito. Kupunguza kipimo ili chupa itoshe ng'ombe wengi ndiko kunakozalisha vimelea sugu.

Tena Samorin huacha uvimbe mahali ilipochomwa. Kwa maksai aliyechomwa shingoni wiki ileile ya kulima, uvimbe huo unakutana na nira. Dawa iliyotolewa katika nusu ya kwanza ya Oktoba humpa mnyama nafasi ya kupona kabla ya kazi, na bado humlinda katika Novemba na Desemba. Ileile ikitolewa katikati ya Novemba inakuwa tatizo jipya.

Hesabu ya gharama

Je, maandalizi yote haya yanalipa? Chukua mfano wa mkulima mwenye jozi moja ya maksai na ekari 5 za mahindi. Kila maksai apewe kilo 5 za mabua kwa siku kwa siku 90, sawa na kilo 900 kwa jozi. Ekari moja inayotoa gunia 10 za kilo 100 huacha mabua yanayokaribia uzito huo au zaidi. Hivyo chakula kikuu cha ziada kinapatikana katika ekari moja kati ya tano, na gharama yake ni kukata, kubeba na kujenga kichanja. Mashudu ya kilo 1 kwa kila maksai kwa siku 60 ni kilo 120. Zikiongezwa chumvi, dawa za minyoo na dawa za ndorobo, tuseme gharama yote inafikia thamani ya gunia 4 za mahindi. Kila mkulima aweke bei za soko lake.

Jozi yenye nguvu hulima ekari moja kwa siku mbili, hivyo ekari 5 humalizika kwa siku 10. Jozi dhaifu ikitumia siku nne kwa ekari, itamaliza kwa siku 20. Ekari ya kwanza inachelewa kwa siku 2 na ya mwisho kwa siku 10, wastani ukiwa siku 6. Kwa hasara ya asilimia 1 hadi 2 kwa siku, mavuno ya gunia 50 yanapungua kwa gunia 3 hadi 6.

Kwa makadirio ya chini, basi, shamba lake peke yake halirudishi gharama yote. Hili lisemwe wazi, kwa sababu mkulima akiahidiwa faida isiyokuwapo hatasikiliza mara ya pili. Faida kubwa ipo kwingine. Jozi iliyomaliza siku ya 10 ina siku nyingine 10 za kulima kwa majirani, yaani ekari 5 za kulipwa, katika wiki ambazo malipo ya kulimiwa yako juu kuliko wakati wowote. Jozi dhaifu haina siku hizo. Pili, kuna hatari ya kupoteza mnyama. Maksai mmoja akifa Novemba, mkulima anatafuta mwingine sokoni wakati kila mtu anatafuta, na aliyebaki hana mwenzi wa kufungwa naye nira. Hasara hiyo inameza gharama za maandalizi za misimu kadhaa.

Hoja za wanaosita

Wapo wanaosema kwamba mambo haya ni ya wenye ng'ombe wachache. Mfugaji mwenye kundi kubwa huchagua walio na nguvu na kuwabadilisha wakichoka. Ni kweli, na familia za Wasukuma waliohamia maeneo haya na mifugo yao zimekuwa zikilima kwa njia hiyo kwa miaka mingi. Lakini mwenye jozi moja hana wa kubadilisha. Ndiye anayehitaji kalenda hii kuliko wote.

Wengine husema trekta zinakuja. Zije, na zinahitajika. Hata hivyo, trekta ya kukodi huanza na mashamba makubwa yaliyo kando ya barabara, na mwenye ekari 3 zenye visiki husubiri zamu isiyofika.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha. Mkulima atasema Oktoba hana kitu. Ni sahihi, na ndiyo sababu uamuzi unapaswa kufanywa wakati wa mauzo ya mahindi na tumbaku. Fedha za mashudu na dawa zitengwe siku ya mauzo, kabla ya sherehe na madeni madogo madogo kuzimaliza. Kununua mashudu mapema, wakati mashine za kukamua alizeti zinafanya kazi kwa wingi, ni nafuu kuliko kuyatafuta Oktoba yalipobaki ghala mbili tatu.

Nafasi ya wafanyabiashara na halmashauri

Mfanyabiashara mdogo naye ana la kufanya. Duka la pembejeo linaloagiza dawa ya ndorobo Novemba linaiagiza kwa wateja waliokwisha kuchelewa. Mwenye mashine ya alizeti anayesafirisha mashudu yote nje ya mkoa Julai angeweza kuweka sehemu kwa ajili ya vyama vya ushirika vya msingi, ambavyo vingewakopesha wanachama na kukata mauzoni. Mfanyabiashara wa nafaka anayewakodi maksai wa watu Agosti ajue kwamba akiwamaliza leo, mwakani atakosa mahindi ya kununua.

Halmashauri na serikali za vijiji zihakikishe majosho yana maji na dawa kabla ya Oktoba, kwani josho linalofunguliwa Desemba limewapita wanyamakazi. Vijiji pia viweke makubaliano kuhusu mabua, ili mwenye shamba apewe muda unaojulikana wa kukusanya kabla mifugo haijaruhusiwa kuingia. Hatua hiyo ingepunguza pia ugomvi kati ya wakulima na wafugaji, ambao mara nyingi huanza na shamba ambalo mmoja anadhani limekwisha kuvunwa na mwingine anadhani bado.

Mwenye maksai asiingoje halmashauri ili aanze. Mabua yanayolala shambani baada ya mahindi kutolewa yana siku chache tu kabla hayajaliwa na mifugo ya wengine au kuteketea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mkulima wa Kabungu, ufa huonekana Juni, wakati ng'ombe bado ana mwili, mabua bado yapo na kuziba kunagharimu mzigo mmoja wa tela.